Akiba haiozi? Njooni muone chini ya kitanda changu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu mwandishi wenu wa ukurasa wa familia, yule aliyeandika wiki mbili zilizopita kwamba wanaume wa siku hizi wamejaza mavitu ya kitoto ndani ya nyumba, akataja maraba ya bei mbaya, akataja magemu, afu mwishoni kabisa kwa dharau akatupia "na vindege vya plastiki vya kuunganisha ambavyo wala haviunganishwi". Mi nilikuwa nakunywa chai na mke wangu ndo alikuwa anasoma kwa sauti kwenye simu yake. Akafika hapo akanyamaza, akanitazama, afu akaendelea kusoma aya inayofuata. Hakusema kitu. Mlio kwenye ndoa mnajua kunyamaza kwa namna hiyo.

Basi mi ndo huyo. Naishi Coventry, Uingereza, naendesha basi, nyumbani ni Kigoma, na chini ya kitanda, juu ya kabati, stoo na nyuma ya sofa nina maboksi 87 ya modeli za plastiki ambazo sijaziunga. Hiyo hesabu nimeifanya Jumapili baada ya makala yenu, nilitaka nimbishie mwandishi, kichwani nilikuwa najua ziko arobaini hivi, hamsini zikizidi sana. Nilipofika 60 nikaenda kunywa maji.

Kwa asiyejua hii kitu, unanunua boksi, ndani kuna fremu za plastiki ambazo vipande vimening'inia kama matunda kwenye kikonyo, unakata kimoja kimoja kwa koleo ndogo, unasugua kwa tupa na msasa, unagundisha, unapaka rangi, mwisho unabandika zile stika za kuloweka kwenye maji, namba za ndege, bendera, alama. Ndege nyingi ni skeli ya 1/72, yaani ile ya kweli igawe mara 72. Kiingereza wanaiita kit, na nilishawahi kumwambia shemeji yangu kwenye simu kwamba nina viti zaidi ya hamsini ndani, akauliza kama nimefungua ukumbi wa harusi. Tangu siku hiyo nasema maboksi.

Sasa kwenye hili la "kitoto" mwandishi wenu kapitwa na wakati. Zamani ni kweli zilikuwa za watoto. Airfix, kampuni iliyoanzishwa London 1939 na mkimbizi wa Kihungari aitwaye Nicholas Kove, ilianza na midoli ya mpira ya kujaza upepo, ikaja kwenye vitana, afu 1952 ikatoa meli ya Golden Hind ndani ya mfuko wa plastiki, ikawa inauzwa kwenye maduka ya Woolworths kwa shilingi mbili za Kiingereza za wakati ule. Wazee wa klabu yetu wanasimulia, mtoto anapewa hela yake ya Jumamosi, anakimbia dukani, na Jumapili kabla ya chakula cha mchana ndege imeshaungwa, inaning'inizwa darini kwa uzi, gundi imetapakaa mpaka kwenye vioo vya rubani. Mlundikano haukuwepo kwa sababu hela ya kulundika haikuwepo! Wale watoto ndo wazee wa leo, wana pensheni na nyumba za vyumba vitatu, watoto wao wamehama, na chumba kimoja kimebaki kitupu. Hapo ndo balaa lilipoanzia. Boksi moja kubwa la siku hizi linaweza kula mshahara wangu wa siku nzima na tunanunua, wala hatusubiri Jumamosi.

Na wala si Waingereza peke yao. Wajapani, ambao mji wao wa Shizuoka ndo kama Makka ya hii kazi, kampuni ya Tamiya iko hapo, Hasegawa wako mji wa jirani wa Yaizu, Bandai nao wana kiwanda chao cha modeli hapohapo Shizuoka, wana neno kabisa la ugonjwa huu, tsumipura, yaani plastiki zilizolundikwa. Waliozoea kufuma sweta huku wana utani wao ambao sisi wa modeli tumeuazima, wanasema mtu amefikia SABLE, maana yake ana shehena kubwa kuliko umri aliobakiza. Nilikuwa naucheka huo utani. Afu nikapiga hesabu: mwaka jana nimemaliza modeli tatu. Tatu tu Mhariri, na mwaka huohuo nimenunua 14. Gawa 87 kwa 3 unapata miaka 29. Mi nina 54. Kwa hiyo boksi la mwisho nitalifungua nikiwa na 83, hapo nisinunue lingine hata moja, macho yawe yanaona na mkono usiwe unatetemeka.

Mtasema si uache kununua. Kusema rahisi. Hii biashara ina namna yake, na hapa namtetea kidogo mnunuzi. Kampuni inafunga kalibu, yaani lile umbo la kumiminia plastiki, kwenye mashine, inapiga mzigo, afu kalibu inatolewa inarudishwa stoo na nyingine inaingia. Modeli uliyoiona dukani Machi, Septemba haipo, na inaweza isirudi miaka kumi, na waliobaki nayo wanaipandisha bei mtandaoni kama nyanya za Ramadhani. Ukishaumwa mara moja unajifunza kununua ukiona. Nakumbuka 2006 Airfix ilipoanguka pamoja na wenzao wa Humbrol wale wa rangi, sisi kwenye klabu ilikuwa kama msiba, tukakimbilia madukani kila mtu anabeba, mi peke yangu nilibeba saba kwa wiki moja nikiamini haziji tena duniani. Kabla mwaka haujaisha Hornby, wale wa treni za modeli, wakainunua kampuni na baadaye modeli zikarudi rafuni. Ninazo zile saba mpaka leo, nne bado zina nailoni yake.

Afu kuna hiyo shoo ya Telford kila Novemba, Scale ModelWorld, inaandaliwa na IPMS, chama cha sisi waunga modeli kilichoanzia hapahapa Uingereza 1963. Naenda kuangalia kazi za watu, nia yangu safi kabisa. Naingia na paundi 60 taslimu na kadi naiacha kwenye gari makusudi. Mwaka jana nilirudi kwenye gari mara mbili.

Lakini barua yangu si ya kujitetea. Nataka kusema jambo moja ambalo mwandishi wenu hakuligusa na sisi wenyewe hatupendi kuliongea. Sisi Waswahili tumelelewa na akiba haiozi, na ndo maneno niliyokuwa namwambia mke wangu, Mama Neema, kila boksi jipya likiingia: haili, hainywi, haidai kodi, akiba haiozi mama. Haya. Wiki iliyopita nikasema ngoja nianze kupunguza, nikatoa lori la kijeshi la 1/35 nililonunua 2009, boksi safi, kona hazijabonyea, picha ya juu inang'aa. (Hii skeli ya 1/35 nayo ina kisa chake ambacho huwa nakipenda sana, Tamiya walipotengeneza kifaru chao cha Panther mwanzoni mwa miaka ya sitini walitaka kitembee chenyewe kwa mota, wakakikata saizi ya kutosha betri zikae ndani, ikatokea 1/35, na dunia nzima ikafuata saizi ya betri za Wajapani.) Nikafungua. Magurudumu yale ni ya mpira laini, na miaka yote hiyo yalikuwa yamelala juu ya kipande cha kichwa cha lori. Nikayanyanyua hayanyanyuki. Yameshikana. Kumbe yale mafuta ya kulainishia mpira yanatoka polepole yanayeyusha plastiki inayogusana nayo, kwa hiyo mlango wa dereva umelika duara nne, kingo zake kama panya kapita na meno. Nikasema basi, angalau stika. Stika zimegeuka njano kama karatasi ya cheti cha ubatizo cha babu. Nikakumbuka wazee wanasema zibandike kwenye kioo cha dirisha jua lizichome weupe urudi, na kweli njano inapungua, nilishawahi kufanya, sema jua lenyewe ni la Coventry. Nikaikata moja ya kujaribia, nikaitia kwenye kisosi cha maji. Ikakatikakatika ikaelea kama majani ya chai.

Miaka yote hiyo ilikuwa inaoza chini ya kitanda na mi nalala juu yake.

Hilo la vitu. La watu ndo limenifanya niandike. Kwenye klabu yetu tulikuwa na mzee mmoja, fundi mitambo mstaafu, mpole, mkono wake hautetemeki, alikuwa anaweza kupaka macho ya rubani wa 1/72 ambaye kichwa chake ni kama punje ya mtama. Akafariki kipupwe cha mwaka juzi. Mjane wake akanipigia mimi kwa sababu nina mgongo mzuri wa kubeba, hivyo ndivyo alivyosema. Akatufungulia chumba cha juu, mimi na mwenzangu mmoja. Mhariri, dirisha halikuonekana. Maboksi kutoka sakafuni mpaka dari, safu mbili mbili, katikati kimeachwa kinjia cha mtu mmoja kupita kiubavu. Tulihesabu mpaka 640 tukachoka, na bado kulikuwa na gereji. Mengine yalikuwa bado kwenye mfuko wa Woolworths na risiti yake, na Woolworths huku ilifunga maduka Januari 2009, yaani lile boksi lilitoka dukani likapanda ngazi likawekwa hapo na halikuguswa tena.

Moja nikalifungua kwa udadisi. Ndege ya vita, Spitfire. Alikuwa amekata vipande viwili tu, nusu mbili za kiti cha rubani, akavibandika vizuri sana huoni hata muungano, akaviweka kwenye kimfuko kidogo na karatasi yenye tarehe ya 1994. Mama akaja mlangoni na chai akaniona nimeshika ile karatasi, akauliza, "Hivi alikuwa anasubiri nini?" Mwenzangu akakohoa. Mi nikasema chai imenoga.

Sasa kuna utani mwingine kwenye hobi hii, wa zamani kweli, kwamba kinachotisha kwenye kifo ni mkeo kuuza modeli zako kwa bei uliyomwambia ulinunulia. Kila mtu anaujua, kila Telford utausikia. Siku ile niliuona kwa macho. Akaja mnunuzi na van, akazunguka dakika kumi, akatoa paundi 900 kwa vyote. Na yule mama akafurahi! Kwa sababu marehemu miaka yote alikuwa anamwambia kila kimoja ni paundi moja, mbili, vya mnadani tu mpenzi. Mle ndani kulikuwa na maboksi ambayo moja tu ni paundi 80 kwenye soko la mitumba. Tukamvuta pembeni tukamwambia asisaini kitu, ikabidi klabu ikae Jumamosi tano kuchambua na kuuza kidogokidogo, na bado nyingi tulizitoa kwa bei ya kutupa, kwa sababu soko nalo limejaa, hao wazee wanaondoka mmoja mmoja na kila anayeondoka anaacha chumba. Ambacho hatukuweza kumfanyia ni kumrudishia picha ya mumewe aliyokuwa nayo kichwani kabla hajajua bei. Alikaa jikoni na daftari tuliloandika bei za kweli akasema tu, "Angeniambia."

Kwa hiyo ndugu mwandishi, shida si plastiki. Ungesema uongo ndani ya nyumba ningekuunga mkono.

Nikarudi nyumbani na mi nikakaa miaka miwili bila kufanya chochote, msinione mwema. Ni makala yenu ndo imenisukuma. Jumapili ile baada ya kuhesabu nikachukua daftari la shule la Neema, nikaandika kila boksi, jina, skeli, bei niliyonunua KWELI, bei ya sasa, na namba ya mtu wa klabu wa kupigiwa. Nikalibandika ndani ya mlango wa kabati. Nikamwita Mama Neema. Akavaa miwani.

"Paundi 65?"

"Ndiyo."

"Hili hapa la ndege kubwa. Baba Neema, hili uliniambia kumi na mbili."

"Nilikosea."

"Ulikosea." Akageuza ukurasa. "Na hili ulikosea. Na hili."

Akasoma mpaka mwisho, kurasa nne. Afu akafanya kitu sikukitegemea, akaenda chumbani akavuta lile sanduku lake la bati alilokuja nalo kutoka Ujiji, akalifungua. Mi nilikuwa najua ndani kuna vitenge. Sikujua ni vingapi. Vitenge vya waksi, doti za khanga bado zimeshikana pindo kwa pindo hazijakatwa, kingine amenunua kwa ajili ya send-off ya mdogo wake na huyo mdogo wake sasa ana watoto watatu. Vipande 52. Cherehani havijaiona. Kabati la vyombo vya wageni sikulitaja, nina akili zangu, ila tangu tuoane huyo mgeni wa hadhi ya vile vikombe hajafika.

Tukacheka bana. Tukakubaliana, mi kwa kila modeli nitakayomaliza yeye anapeleka kitenge kimoja kwa fundi, na hakuna kinachoingia mpaka viwili vitoke. Yeye ananishinda tayari, fundi wake ana haraka kuliko mimi.

Kuna watu wataniambia peleka hizo modeli Kigoma watoto wafurahi. Nimelifikiria sana, zaidi ya mnavyodhani, kwa sababu sisi wa Kigoma mambo ya kuunga tumezaliwa nayo. Mi nilikua nikiiona Liemba ikiingia bandarini, na hiyo meli ni nini kama si kit ya skeli 1/1? Wajerumani waliijenga Papenburg 1913 ikiitwa Graf von Goetzen, wakaifungua kipande kwa kipande wakaipakia kwenye makreti 5,000, meli mpaka Dar, treni mpaka Kigoma, ikaungwa upya ikashushwa ziwani Februari 1915, vita vinaendelea. Mwaka uliofuata wakaizamisha wenyewe isichukuliwe, ila kwanza wakapaka injini grisi, na Waingereza wakaja kuiopoa 1924, na 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. Makreti elfu tano, na mafundi wa Papenburg waliokuja nayo walikuwa watatu tu, nguvu iliyobaki ni ya watu wa hapohapo. Mi nina 87 na sofa. Na sisi watoto wa pale tulikuwa tunatengeneza magari ya waya na ya kopo la Blue Band, magurudumu tunakata ndala za watu, asubuhi unaanza mchana unaliendesha barabarani, nani alikuwa na muda wa kulundika.

Tatizo la kupeleka ni kwamba gundi na rangi zake nyingi ni vitu vya kushika moto, kwenye ndege havipandi, na posta hawavitaki. Nikipeleka maboksi matupu bila gundi nitakuwa nimehamisha tu mlundikano kutoka chini ya kitanda changu kwenda chini ya kitanda cha dada yangu. Ila kuna haya maroboti ya Gundam ya Bandai, wameanza kuyatoa 1980, na ya siku hizi hayataki gundi wala rangi, vipande vinabanana vyenyewe na plastiki imeshatiwa rangi kiwandani. Ninayo 11. Haya yanaondoka mwezi wa nane na shemeji yangu yuleyule wa viti, anarudi likizo na kilo zake 46. Vikoleo vya kukatia nimeshanunua vitano, bei yake nimeandika kwenye daftari, bei ya kweli.

Mwandishi wenu akitaka kuandika tena juu yetu anikaribishe, nitampa hata boksi moja ajaribu. Kwenye meza ninapoandikia hapa kuna ndege ya Hurricane haina bawa la kushoto tangu Februari. Bawa lenyewe nimeshalipata, lilikuwa nyuma ya sofa.

Wenu,
Baba Neema,
Coventry, Uingereza